Shingo zilizoumia leo zitatudai mwaka 2045

Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilitunga kanuni zilizoipa pikipiki leseni ya kubeba abiria. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati huo, akachukua pikipiki ya mkataba na kuingia kijiweni, atatimiza miaka 55 mwaka 2045. Hesabu hiyo tumeipiga makusudi. Kwa watu waliovuka umri wa miaka 55, kusagika kwa shingo hadi kuubana ugwe mgongo ndiyo sababu inayoongoza kuuharibu ugwe huo, na madaktari wa mishipa ya fahamu wanalijua jambo hili siku nyingi.

Katika miaka hiyo 35 kijana wetu atakuwa ameanguka mara ngapi? Kila alipoanguka alinyanyuka, akajikung'uta vumbi, akaangalia kwanza kama taa ya pikipiki imevunjika. Jioni shingo ikakakamaa. Akanunua panado, akakandwa kwa maji ya moto, akalala chali siku tatu. Wiki ya pili shingo ikaachia, naye akarudi kazini. Kwake habari ile imekwisha. Kwa shingo yake huenda ndiyo kwanza inaanza.

Nchi hii imezoea kuzihesabu ajali kwa waliokufa na waliokatwa miguu. Aliyetoka na shingo inayouma hahesabiwi popote. Wala si wa bodaboda peke yao. Yumo mkwezi wa minazi aliyeteleza Mafia au Pangani, mchuma karafuu aliyekatikiwa na tawi Pemba, mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe wakati wa likizo. Yumo abiria wa daladala iliyogongwa kwa nyuma kwenye foleni. Yumo mbeba zege anayepandisha ndoo ghorofa ya tatu tangu asubuhi, na mchukuzi wa Kariakoo mwenye gunia kichwani. Na wamo mama zetu, ambao ndoo ya lita 20 ya maji, kilo 20 kamili bila kuhesabu ndoo yenyewe, imekaa juu ya vichwa vyao tangu wakiwa wasichana. Siku moja mguu ukateleza kwenye tope, ndoo ikaenda upande, shingo ikaifuata.

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Juu yake kimekaa kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5, na katikati yake, ndani ya mfereji wa mfupa, unapita ugwe mgongo, yaani fungu la mishipa ya fahamu linalopeleka amri za ubongo mikononi, miguuni na kwenye kibofu, na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso. Kwa mtu mzima mfereji huo una upana wa milimita 17 hivi ukipimwa kutoka mbele kwenda nyuma. Ukishuka chini ya milimita 13, madaktari huuita mwembamba. Nafasi tunayoizungumzia, basi, ni milimita 4 tu.

Kati ya pingili na pingili kuna diski: ute mzito katikati, umezungushiwa nyuzi ngumu kama kumbi linavyoizunguka nazi. Ujanani ute huo umejaa maji, unabonyea na kurudi. Umri ukienda maji yanapungua, diski inasinyaa, pingili zinakaribiana na kuanza kusuguana, na mwili, katika kujaribu kuishikiza shingo inayolegea, unaotesha vijipembe vya mfupa pembezoni. Kano zilizo nyuma ya mfereji zinanenepa na kujikunja. Vyote hivyo vinagombea zile zile milimita 17. Mitaani watu husema shingo imesagika, na hawajakosea.

Mabadiliko hayo humpata kila aliyejaliwa kuzeeka. Ukiwapiga picha watu wa miaka 60, wengi watakutwa na shingo iliyosagika na hawana habari nayo. Tunalisema hili mapema kwa sababu hatutaki kumtia hofu kila aliyewahi kushtua shingo. Wengi walioshtuka bila kuvunjika hupona ndani ya miezi michache, na watafiti bado wanabishana ni kwa kiasi gani mshtuko wa namna hiyo, peke yake, unaharakisha kusagika. Lakini pingili iliyovunjika ikaunga kombo, diski iliyochanika, kano iliyokatika ikaacha pingili inachezacheza, hayo ni mambo mengine. Pingili iliyokakamaa huwasukumia kazi yake majirani wa juu na wa chini, nao huchoka kabla ya wakati. Na kuna watu waliozaliwa na mfereji mwembamba bila kujua. Hao hawana akiba ya kupoteza.

Hatari kubwa ya ugonjwa huu ni kwamba mara nyingi hauji kwa maumivu. Laiti ungeuma, watu wangekwenda hospitali. Unaanzia kwenye vidole. Mzee anashindwa kufunga vifungo vya shati, anamwita mjukuu. Fundi cherehani anashindwa kutunga uzi kwenye sindano, anasema macho yamechoka, kumbe ni vidole. Muuza duka anahesabu noti mara tatu kwa sababu zinamponyoka. Mstaafu anakwenda benki, saini yake inakataliwa kwa kuwa haifanani na ya miaka yote, naye anarudi nyumbani na fedheha ambayo hamwambii mtu.

Kisha inakuja miguu. Inakuwa mizito, inakakamaa, mtu anatembea kama anayevuka mto usiku, akitafuta pa kukanyaga. Kandambili inamtoka mguuni barabarani na hana habari mpaka mtu amwambie. Wengine, wakiinamisha shingo, wanahisi kama shoti ya umeme inashuka mgongoni hadi miguuni. Dalili hiyo ina jina la daktari Mfaransa, Jean Lhermitte, na waumini wengi wa kwetu wanaweza kuigundua kwanza wakiwa kwenye rukuu. Mwisho ni kibofu: haja ndogo inakuja kwa ghafla na haisubiri.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mikono inayomwangusha mzee wa miaka 62 huenda iliundwa siku aliyoanguka kutoka kwenye mnazi akiwa na miaka 24. Lakini nani anayemuuliza habari za mnazi? Nyumbani wanasema ni uzee. Jirani anasema ni baridi yabisi. Shemeji anasema amerogwa, na fedha za kwanza zinakwenda kwa mganga. Akifika zahanati anapimwa presha na sukari, ambavyo ni sawa kupimwa, anapewa dawa za maumivu na vitamini, anaambiwa arudi baada ya mwezi. Miguu ikizidi kulegea, neno linalofuata ni kiharusi. Kumbe kiharusi kwa kawaida humjia mtu ghafla na kumshika upande mmoja. Huyu amekuwa akipungua kidogo kidogo kwa miaka miwili, pande zote mbili.

Tusidhani wenzetu wenye mashine nyingi wameliepuka kosa hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na madaktari wa Israel, uliofuatilia wagonjwa 42, ulionyesha kwamba tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa ulipita wastani wa zaidi ya miaka miwili. Wengi waliambiwa kwanza kwamba mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa kule inachukua miaka miwili, kwetu, ambako kipimo cha MRI ni safari ya basi na ada ambayo familia inauza kuku na mahindi kuipata, inachukua mingapi?

Na muda ndio kila kitu katika ugonjwa huu. Upasuaji wa kuupanua mfereji upo, na unafanyika hapa nchini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na upasuaji wa uti wa mgongo ni sehemu ya kazi yake. Lakini kazi ya kwanza ya upasuaji huo ni kuzuia hali isizidi kuwa mbaya. Kilichokwisha kufa ndani ya ugwe mgongo hakina ahadi ya kurudi. Anayefika akiwa bado anatembea peke yake ana matumaini makubwa kuliko anayefika akiwa amebebwa. Sentensi hiyo moja ingetosha kuwa sababu ya tahariri hii.

Tunachokililia zaidi ni kwamba kuushuku ugonjwa huu hakuhitaji mashine. Mwaka 1987 madaktari wa Japani, wakiongozwa na Keiro Ono, walieleza kipimo ambacho muuguzi wa zahanati ya kijijini anaweza kukifanya akiwa amekaa kwenye benchi: mgonjwa afumbe ngumi na kuifumbua kwa haraka, kiganja kikitazama chini, kwa sekunde 10. Mtu mwenye ugwe mgongo mzima hufikisha mara 20 au zaidi. Kipo pia cha kumtembeza mgonjwa kisigino kikigusa ncha ya vidole vya mguu wa nyuma, kwenye mstari mmoja. Kipo cha kuupiga ghafla ukucha wa kidole cha kati na kuangalia kama dole gumba litashtuka na kujikunja. Vyote vitatu havizidi dakika tano na havigharimu hata shilingi. Kinachokosekana ni mtu wa kukumbuka kuvifanya, na kabla ya hapo, mtu wa kuuliza swali lenye maneno manne: umewahi kuumia shingo yako?

Wala si elimu mpya iliyotujia juzi kutoka ughaibuni. Mwaka 1968 Laurence Levy, daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu aliyefanya kazi Salisbury, mji ambao leo ni Harare, aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza juu ya kile alichokiita shingo ya mpagazi: majeraha ya watu wanaobeba mizigo mizito kichwani. Mwaka 1997 ukachapishwa utafiti kutoka Sierra Leone uliolinganisha picha za shingo za wabeba mizigo kichwani na za wasiobeba, na kusagika kukaonekana zaidi kwa wabebaji. Afrika ilikwisha kusema juu ya shingo za Waafrika. Ni zaidi ya nusu karne tangu Levy aandike, na bado mbeba zege wetu anapandisha ndoo bila mtu kumwambia kwamba ganzi ya vidole ni jambo la kulitaja.

Turudi kwenye ajali yenyewe, maana hapo ndipo madhara mengi yanapoongezwa kwa mikono yetu wenyewe. Pikipiki ikianguka, watu wema wanakimbilia. Mmoja anashika mikono, mwingine miguu, majeruhi anabebwa mzobemzobe, kichwa kinaning'inia, anaingizwa kwenye bajaji akiwa amekunjwa. Hatuna shaka na nia ya waokoaji hao, na tunajua gari la wagonjwa mara nyingi haliji. Lakini pingili iliyovunjika bila kuugusa ugwe mgongo inaweza kuukata njiani. Majeruhi anayelalamika shingo, au asiyejitambua, ashikwe kichwa na mtu mmoja, mikono miwili pembeni mwa masikio, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja, na abebwe kwenye ubao, mlango au kitanda na watu wengi kwa pamoja. Hili lifundishwe kwenye vijiwe vya bodaboda, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaofika wa kwanza kwa mwenzao. Na abiria wa mishikaki, watatu juu ya pikipiki moja, wajue kwamba yule wa nyuma kabisa hana hata pa kushika.

Baada ya ajali kuna fomu ya polisi, PF3, ambayo majeruhi huifuata kituoni ili atibiwe. Daktari hujaza aina ya majeraha, kesi inakwenda au haiendi, fomu inaishia kwenye jalada. Picha ya eksirei mgonjwa hupewa akakae nayo. Tunazijua nyumba ambako picha hizo zimetumika kuziba dirisha. Daftari la matibabu, lile la kawaida la shule ambalo wengi wetu tumewahi kulibeba zahanati, likijaa hutupwa au mtoto huchorea. Miaka 30 baadaye daktari anayemwangalia mzee mwenye mikono dhaifu hana hata mstari mmoja wa kumwonyesha kwamba pingili ya tano iliwahi kupasuka.

Na sheria nayo imejifunga kwa saa fupi. Kwa Sheria ya Ukomo wa Madai ya Tanzania, na ya Kenya pia, dai la madhara ya mwili dhidi ya aliyekugonga lina muda wa kawaida wa miaka mitatu. Tunaelewa kwa nini sheria inaweka mipaka. Ushahidi hufa, mashahidi huhama. Lakini hakimu na wakala wa bima wanapokubaliana malipo ya shingo ya kijana wa miaka 25, wanalipa maumivu ya miezi mitatu, si mikono ya uzeeni. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ni hatua tunayoiheshimu, ila unamshika aliye na mwajiri anayemchangia. Dereva wa bodaboda anachangiwa na nani?

Kuna la haraka zaidi, ambalo halisubiri bunge. Kwenye saluni nyingi za kiume za mijini, kinyozi akimaliza kunyoa hukanda mabega, kisha hukishika kichwa na kukigeuza kwa nguvu upande huu na ule mpaka shingo ilie. Wateja wanaipenda. Kwa shingo yenye jeraha la zamani au mfereji mwembamba, mgeuzo huo ni hatari, na hata kwenye shingo nzima umewahi, kwa nadra, kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Tunawaomba vinyozi waache. Kukanda mabega kunatosha. Waunga mifupa wa jadi, ambao wamesaidia mikono na miguu ya wengi, nao tunawaomba waiache shingo, waikabidhi hospitali.

Mwenye shingo iliyowahi kuumia ana mambo machache ya kuyashika. Kabla ya kulazwa usingizi kwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, amwambie daktari wa usingizi, kwa sababu mpira wa kupumulia huingizwa kichwa kikiwa kimepinduliwa nyuma. Asikae na kola ya shingo miezi na miezi bila agizo la daktari, kwani misuli isiyofanya kazi hudhoofika. Afanye mazoezi atakayoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Na aogope kuanguka. Mwaka 1954 daktari Mmarekani, Richard Schneider, alieleza jeraha linalowapata sana wazee wenye mfereji uliokwisha kuwa mwembamba: mtu anajikwaa bafuni, anapiga paji la uso, kichwa kinarudi nyuma kwa ghafla, hakuna mfupa uliovunjika, lakini mikono inakufa nguvu huku miguu ikiwa na nafuu. Sakafu ya bafu iliyopakwa saruji laini na taa iliyoungua ukumbini ni mambo ya kushughulikiwa wiki hii hii.

Kwa serikali tunasema hivi. Wizara ya Afya iliweke swali la shingo kwenye mahojiano ya kila mgonjwa mwenye miaka zaidi ya 50 anayelalamika ganzi, mikono dhaifu au miguu mizito, na kipimo cha ngumi kifundishwe kwa kila tabibu na muuguzi wa zahanati. Hospitali zetu zinaingia kwenye kumbukumbu za kompyuta; jeraha la shingo liwe miongoni mwa mambo yasiyofutika kwenye kumbukumbu ya mtu, kama kundi lake la damu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeshapitishwa, na wanaopanga vifurushi vyake wasiiache MRI ya shingo na mazoezi ya viungo kuwa anasa ya wenye nacho. Jeshi la Polisi na hospitali wahakikishe majeruhi anabaki na nakala ya maelezo ya jeraha lake. Wenye miradi ya ujenzi wanunue winchi ya kupandishia zege. Shingo ya kijana si winchi.

Bado hatujachelewa kwa yule kijana wa mwaka 2010. Leo ana miaka thelathini na kitu, ugwe wake bado una nafasi. Lakini baba yake, aliyebeba magunia na kukwea minazi kabla bodaboda haijaja, muda wake ni huu.

Basi jioni hii, msomaji, mwombe mzazi wako afumbe na kufumbua ngumi kwa haraka, nawe utazame saa kwa sekunde 10 na kuhesabu, mkono mmoja kisha wa pili. Asipofika 20 usimwambie ana ugonjwa, kwani uzee na viungo vinavyouma navyo hupunguza kasi ya vidole. Mwulize kama kandambili humtoka bila kujua. Mwulize kama aliwahi kuanguka, hata kama ni miaka 40 iliyopita. Akisema ndiyo, mpeleke hospitali, na ukifika mbele ya daktari, lianze neno la shingo wewe kabla hujaulizwa.